Kremufka Hailiwi ya Moto

Watu wa Kilosa hawajui kula kitu cha baridi. Nalisema hili bila kuomba radhi, kwa sababu nimezaliwa Kilosa, nimekulia Kilosa, na nina stashahada ya upishi wa keki na vitamutamu niliyoipata Poland, kwa hiyo pande zote mbili nazijua. Soda ya baridi mtu wa kwetu ataipokea na kushukuru. Lakini chakula cha baridi kwake ni kiporo, na kiporo hapewi mgeni. Hata umpikie lulu, ukimletea ikiwa baridi, atakutazama kama umemtukania mama yake.

Nataka kueleza jinsi ujinga huo ulivyoninyima nyumba ya baba yangu.

Kwanza kremufka yenyewe, maana wengi mnaosoma hamjaiona na wachache mliowahi kwenda Ulaya mlirudi na makoti tu. Ni keki ya Wapolandi tangu enzi za mabibi zao. Chini kuna tabaka la unga uliookwa ukafura, ukawa na kurasa nyembamba nyepesi zinazovunjika ukizigusa kwa ulimi. Juu kuna tabaka jingine kama hilo. Katikati ni krimu nzito ya maziwa, viini vya mayai na vanila, imesimama wima, haitiririki wala haitikisiki. Juu kabisa inanyunyizwa sukari ya unga. Unaikata mraba, unaiweka kwenye sahani ya baridi, unaila siku hiyohiyo. Ukiipasha moto, krimu inakuwa uji na kurasa zinakuwa chapati iliyolowa. Hapo hakuna mjadala.

Kuutengeneza ule unga si kazi ya kila mtu. Unga unakunjwa pamoja na siagi, unasukumwa, unakunjwa tena, unapumzishwa kwenye baridi, unasukumwa upya, mpaka siagi na unga vinalala kwa zamu kama shuka zilizopangwa kabatini. Siagi ikiyeyuka kabla ya kufika kwenye oveni, kazi yote imekufa. Na nikisema siagi nina maana ya siagi, siyo yale mafuta ya njano ya kopo ambayo madukani kwetu yanashinda juani wiki nzima bila hata kutoa jasho. Mimi siagi yangu naitengeneza mwenyewe, kwa maziwa ya akina mama wa kifugaji wanaoyaleta asubuhi kutoka mbugani. Hawajawahi kuuliza nayafanyia nini, na mimi sijawahi kuwaeleza.

Hakuna aliyenipeleka Poland. Sikupewa ufadhili, sikuwa na mjomba ubalozini. Nilikwenda kuchambua matufaha kwenye ghala la baridi kali, nikatoka hapo nikaenda kuosha trei kwenye kiwanda cha mikate, na nilipochoka kuosha trei za watu wengine nikajiandikisha chuo. Nilisoma kwa Kipolandi, lugha ambayo herufi zake zimebanana kama matofali yasiyo na udongo katikati. Wenzangu darasani walikuwa wamezaliwa nayo, na baadhi yao walifeli. Mimi sikufeli. Mwalimu wetu, mama mmoja mkali asiyejua kutabasamu, alikuwa akikata kipande cha kila mwanafunzi na kukisogeza dirishani aone kurasa zake. Changu alikiangalia, akakila. Vya wengine alikuwa akivirudisha.

Niliporudi nyumbani nilipata kazi kwenye hoteli ya watalii Mikumi, karibu na barabara kuu. Sikuikuta na kitu cha maana cha kufungia mlo. Walikuwa wanakata papai na ndizi, wanazichanganya kwenye bakuli, wanaita dizati. Mtu ametoka ng'ambo kuja kuona simba, halafu anapewa papai la kukatakata kama mgonjwa wa wodini. Nikaliondoa papai. Jioni moja mgeni wa Poland alikula vipande viwili vya kremufka kimya kabisa, kisha akaja jikoni kuhakikisha aliyeipika ni nani. Nikamjibu kwa lugha yake. Alitafuta kiti akakaa.

Lakini mimi sikurudi kuajiriwa. Nilirudi kwa ajili ya chumba kimoja cha mbele katika nyumba ya baba yangu, Kilosa mjini.

Baba alikuwa muoka mikate. Nyuma ya nyumba alijenga tanuri la matofali, na chumba cha mbele alikigeuza duka, akaweka kaunta ya mninga ambayo viwiko vya wateja viliilainisha mpaka ikawa inang'aa yenyewe. Nilijifunzia kusoma juu ya kaunta ile, unga ukiwa umeingia kwenye daftari. Alifariki nikiwa kwenye ghala la matufaha. Sikumzika. Kwa hiyo watu wakiniuliza kwa nini mtu mwenye cheti cha Ulaya anang'ang'ania chumba chenye bati la kutu, nawaona hawana akili, na siwajibu.

Ufunguo ulikuwa kwa baba mkubwa, kaka yake baba. Kwetu nyumba ya marehemu haimwendei mtu mpaka ukoo ukae kikao, na mwenye shauri ndiye anayelisha kikao. Kulikuwa na mwingine aliyekitaka chumba: muuza spea za pikipiki, ambaye si wa ukoo, ila alikuwa tayari kupanga hata kesho. Wazee walikuwa wamevutiwa naye. Ukweli ni kwamba hawakuona kwa nini mwanamume mzima afungue duka la keki. Kama ningerudi na basi la abiria, wangenibeba mabegani.

Nikaamua kuwalisha kremufka. Maneno nilikuwa nimeshayasema mengi na hayakuwaingia. Nikaona wakishaiweka mdomoni wenyewe wataelewa nilikuwa wapi miaka yote ile, na kaunta ya baba itapata mwenyewe.

Nilizipika Mikumi, kwa sababu jokofu la hoteli lina jenereta na umeme wa Kilosa una tabia zake. Nikazipanga kwenye sanduku la barafu, lile linalotumiwa na wauza samaki, ila jipya, halijawahi kuona samaki. Nikakodi gari dogo. Barabara ya Mikumi kwenda Kilosa mnaijua. Njia nzima sanduku lilikuwa magotini kwangu, nikimkemea dereva kila shimo.

"Kaka, umebeba mayai ya kanga?" akaniuliza.

"Nimebeba kitu ambacho hujawahi kukiona."

"Basi kinahitaji ndege, hiki si chombo chake."

Nilifika vumbi limenijaa mpaka kwenye kope. Wazee walikuwa wameshakaa sebuleni kwa shangazi, dada yake baba, ambaye nyumbani kwake ndiko vikao hufanyika. Nikapita nikiinama, shikamoo kwa huyu, shikamoo kwa yule, marahaba, marahaba. Baba mkubwa akalitazama sanduku.

"Marahaba. Umetuletea samaki?"

"Hapana, baba mkubwa. Ni keki ya Poland."

"Keki inakaa kwenye sanduku la samaki?"

Wazee wakacheka. Binamu yangu, mtoto wa shangazi, dereva wa bodaboda ambaye hakumaliza hata kidato cha pili, akadakia kutoka mlangoni: "Kaka Ulaya, ikianza kupiga mkia utuambie." Wakacheka tena. Niliwaacha wacheke. Nilijua kilichomo ndani.

Nikampa shangazi sanduku. Nikamwambia, kwa Kiswahili kilichonyooka: "Shangazi, usilifungue. Naoga, nakuja kuziandaa mwenyewe." Akasema, "Haya, mwanangu, nenda kaoge, umekuwa kama ukuta wa udongo." Nikaenda nyuma kuoga. Vumbi lile halitoki kwa ndoo moja.

Niliporudi jikoni nilikuta sanduku liko wazi na ndani mna maji na vipande vya barafu vinaelea.

"Shangazi, ziko wapi?"

Alikuwa amechuchumaa mbele ya jiko la mkaa, ana furaha usoni, mtu aliyefanya jambo la kheri.

"Nimeshakuokoa, mwanangu. Nimezigusa, loh! Zimepoa kama maiti. Ungewapa wazee vile? Wangesema umekuja kutudharau."

Karibu na jiko zilikuwa zimepangwa hotipoti zake tatu, zile kubwa za maua mekundu anazozitoa sikukuu na misiba. Alikuwa amezisuuza kwa maji ya moto kama desturi, ili chakula kisipoe. Alikuwa amepanga kremufka zangu ndani yake, moja juu ya nyingine, akazifunika kwa kitambaa kilicholowekwa maji ya moto, akakaza vifuniko, akazisogeza karibu na mkaa.

Nilifungua moja. Mvuke ukanipiga usoni.

Nilikuwa nimezikunja zile kurasa kwa mikono hii kuanzia alfajiri, nimezipumzisha, nimezilinda kwa kila shimo la barabara. Sasa zilikuwa zimelala kwenye krimu yao kama nguo zilizosahaulika kwenye beseni. Nikataka kuzimwaga. Shangazi akanyanyua hotipoti kabla sijanyoosha mkono, akaingia nazo sebuleni mwenyewe, ya kwanza kichwani, akipaza sauti: "Karibuni, ya moto kabisa!"

Wakaombewa mabakuli na vijiko. Baba mkubwa alitangulia, akauliza kwanza, "Humu hamna mafuta ya nguruwe? Wazungu wale hawaaminiki."

"Hamna, baba mkubwa. Ni maziwa, mayai, unga na siagi. Hamna na pombe."

"Bismillahi."

Akachota. Akavuta mdomoni kwa sauti, kama mtu anayekunywa uji. Akafumba macho. Meno ya mbele baba mkubwa hana, na kwa miaka mingi alikuwa anakula vitu vya kusagia kwa ufizi. Akachota tena.

"Hii," akasema, "ni chapati iliyopikwa ndani ya uji wa mayai."

"Yaani laini!" akasema mzee mwingine.

"Wagonjwa wangeponea."

"Na watoto walioachishwa ziwa."

Shangazi alisimama mlangoni, mikono kwenye kanga, anang'aa. Binamu yangu alikuwa analamba kifuniko. Baba mkubwa akaweka kijiko chini, akatoa ufunguo mfukoni, akauweka juu ya meza. Ufunguo wa baba, wenye uzi mweusi uleule.

"Kijana amesoma," akasema. "Sisi tulidhani amekwenda kupoteza muda. Kumbe amekwenda kujifunza uji ambao hatuna. Huyu wa spea mimi naona asubiri. Mnasemaje?"

Wakasema sawa.

Mtu mwingine angeuchukua ufunguo, akanyamaza. Najua wapo watakaosoma hapa wakaniita mjinga, na wengi wao ni wale ambao maisha yao yote wamepewa vitu kwa makosa wakavipokea. Mimi sikuwahi kupewa kitu kwa makosa. Nilitazama ule ufunguo, nikatazama vijiko vimejaa mchuruziko wa njano, nikamkumbuka mwalimu wangu akisogeza kipande dirishani. Nikamkumbuka na baba, ambaye mkate ulioungua kidogo tu alikuwa akiwapa kuku, hauzi, hata mteja ambembeleze.

"Baba mkubwa," nikasema, "samahani. Hii mnayokula imeharibika."

Vijiko vikasimama.

"Imeharibika?" Baba mkubwa alitazama bakuli lake, lililokuwa karibu tupu. "Inaleta tumbo?"

"Tumbo haileti. Lakini siyo hivi ilivyo. Inaliwa baridi. Inasimama, inavunjika mdomoni. Hii ni mabaki yake."

"Imeharibiwa na nani?" shangazi akauliza kutoka mlangoni. Sauti yake ilikuwa ndogo sana.

Nikaitazama hotipoti yake iliyokuwa mbele ya wazee, na hilo lilikuwa jibu tosha. Akavuta kanga yake, akarudi jikoni, tukasikia vifuniko vya hotipoti vikigongana. Kuwaambia wageni, ndani ya nyumba ya mwenyeji, kwamba chakula kilichotoka jikoni kwake kimeharibika, kwetu ni jambo zito kuliko kuvunja sahani zake zote. Nalijua hilo. Lakini mimi sikuzitia mvuke.

Binamu akapiga mluzi. "Kaka Ulaya, wewe unajichoma mwenyewe."

Baba mkubwa alikuna kidevu. Hakuwa na hasira. Alikuwa anatafakari kama mtu anayenunua ng'ombe.

"Sikiliza, mwanangu," akasema. "Ukifungua pale mbele, utatuuzia hii ya moto, au hiyo yako ya baridi?"

Swali lilikuwa jepesi. Ufunguo ulikuwa mezani, hatua moja kutoka mkononi kwangu, na ningesema "ya moto" ungekuwa mfukoni. Wote walitaka niseme hivyo. Hata yule mzee wa pembeni alinitikisia kichwa taratibu, kama anayemfundisha mtoto jibu la mtihani.

"Ya baridi," nikasema.

"Na mtu akitaka ya moto?"

"Aende kwa muuza uji."

Baba mkubwa akauchukua ufunguo, akaurudisha mfukoni.

"Basi hilo duka si la watu wa hapa," akasema. Akamalizia bakuli lake, la kremufka ileile niliyomwambia imeharibika, akalikwangua mpaka kijiko kikalia.

Wiki hiyohiyo muuza spea aliingia. Kaunta ya mninga sasa imejaa minyororo ya pikipiki na makopo ya oili, na kwenye tanuri la baba anahifadhi matairi. Nikipita pale sigeuzi shingo. Harufu ya oili inanifuata mpaka stesheni.

Mimi nilifungua Mikumi. Sikumwomba mtu chumba. Niliacha kazi ya hoteli, nikajenga kibanda cha matofali kando ya barabara kuu, nikaweka jokofu la kioo, jenereta na bango. Stashahada nimeitundika ukutani ndani ya fremu, kwenye usawa wa macho, ili mtu akija kubisha abishane nayo kwanza. Wanakuja watalii, wanakuja maofisa wa miradi, wanakuja hata madereva wa malori, ambao nakiri wana midomo migumu lakini wanafundishika. Wa kwanza waliniuliza kama nina maikrowevu. Niliwaonyesha mlango. Sasa hawaulizi.

Shangazi hakusema nami tangu kikao kile. Salamu alipokea, marahaba, basi. Kisha mchana mmoja, jua limewaka mpaka lami inanata, nilimwona akishuka kwenye gari la Kilosa, amebeba kikapu, amevaa kanga za kutokea. Akaingia, akakaa, akatazama jokofu, akatazama stashahada, ambayo hawezi kuisoma kwa sababu ni ya Kipolandi.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Niletee hiyo yako."

Nikamletea kwenye sahani ya baridi, na uma. Uma akausogeza pembeni. Akainama akaipulizia. Nakwambia akaipulizia, fuu, fuu, kama ugali uliotoka jikoni, sukari ya unga ikamrukia kwenye kanga. Mazoea ya maisha yote. Nilitaka kucheka, sikucheka. Akaumega upande mmoja kwa vidole, ukavunjika kama unavyopaswa kuvunjika, na ile sauti ndogo ya kurasa. Akasimamisha mkono. Akatafuna.

"Meno yananiuma kwa baridi," akasema.

Akaimaliza. Akaokota na vipande vilivyoanguka mezani, kimoja kimoja, kwa ncha ya kidole kilicholoweshwa mate.

"Kumbe inalia," akasema.

"Ndiyo, shangazi. Inalia."

"Ile yangu haikulia."

"Haikulia."

Basi. Hilo ndilo lililosemwa juu ya jambo lile, na kwangu lilitosha. Sijawahi kudai zaidi. Kisha akafunua kikapu, akatoa hotipoti. Ile ya maua mekundu.

"Baba yako mkubwa ameniagiza," akasema. "Anasema umtilie humu. Miguu haimruhusu kuja. Anasema tangu siku ile anaota tu ule uji."

Niliipokea. Ningeweza kumrudishia tupu. Badala yake niliingia nayo nyuma, nikaisuuza kwa maji ya jokofu mpaka ikawa baridi kuliko mkono wangu, nikatandika barafu kwenye mifuko chini, nikaweka kibao, juu ya kibao nikapanga kremufka nne zisigusane, nikakaza kifuniko. Chombo kile hakijui kama kimebeba moto au baridi. Kinatunza ulichokipa. Miaka yote shangazi amekitumia upande mmoja tu, na Kilosa nzima iko hivyohivyo.

"Shangazi, usiifungue mpaka mikononi mwake."

"Sifungui."

"Na mwambie ale hivyohivyo."

"Nitamwambia."

Na safari hii hakufungua, hilo nalikubali. Jioni binamu yangu alinipigia simu, anacheka mpaka maneno hayatoki. Hotipoti ilifika salama, barafu bado ipo, kurasa zimesimama. Shangazi akampa mzee maelezo yangu neno kwa neno, akamsisitizia, akamwambia inalia mdomoni, ya baridi ndiyo yenyewe. Baba mkubwa akasikiliza yote, akashukuru, akazitoa moja moja, akazipanga vizuri kwenye ungo.

Halafu akazianika juani.